Kutuma mahali au kujituma mwenyewe: lokesheni ipi itakufaa hapa Uganda

"Bosi, nimefika kwenye muembe. Sasa nipinde wapi?"

Simu kama hii naipokea karibu kila siku. Anayepiga ni kijana wa boda, amebeba kioo cha simu ninachokisubiri, na muembe anaousema yeye si ule niliomwambia mimi. Kampala ni mji wa vilima na vichochoro. Nyumba nyingi hazina namba, na hata zile zenye namba watu hawazitumii. Tunaelekezana kwa msikiti, kwa kituo cha mafuta, kwa duka la rangi ya njano, kwa steji ya boda. Siku duka likipakwa rangi nyingine, mtaa mzima umebadilishiwa anwani.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Kisenyi, na Kiswahili ndicho kinachonikutanisha na wateja: Wakongo, Wasomali, wachuuzi wa Busia, madereva wanaoshusha mizigo ya Mombasa. Tangu nilipopata simu yangu ya kwanza yenye GPS sijaacha kujaribu programu za kuonyesha mtu alipo. Nyingine niliziweka wiki moja nikazitoa, nyingine zimekaa miaka. Basi mteja akiniambia, "Fundi, niwekee ile ya kuonyesha mtu alipo," namrudishia swali kabla sijaigusa simu yake: unataka kutuma mahali, au unataka kujituma wewe mwenyewe?

Wengi hawajawahi kuyatenganisha hayo mawili, na uchaguzi wote uko hapo. Pini ya mlango wako ni mahali. Leo uko ndani, kesho uko Gulu, pini haina habari nawe. Lokesheni ya moja kwa moja ni wewe: ukisimama inasimama, ukiingia gesti inaingia. Ya kwanza nampa boda nisiyemjua hata jina. Ya pili siwapi hata marafiki wote.

Kwanza, satelaiti, bando na VPN

Kuna imani inayowagharimu wateja wangu: kwamba bila bando simu haijui ilipo. Inajua. Chipu ya GPS haitumi kitu chochote angani, inasikiliza tu. Satelaiti za GPS za Marekani, GLONASS za Urusi, Galileo za Ulaya na BeiDou za China zinatangaza saa zao, na simu inapima ishara ya kila moja imechukua muda gani kufika, kisha inapiga hesabu. Bando linasaidia hesabu hiyo ianze haraka. Bila bando utasubiri kidogo penye uwazi, labda dakika kadhaa, lakini utapata. Kazi kubwa ya bando ni nyingine: kuchora ramani kwenye kioo, na kumfikishia mwenzako ulichokipata.

Imani ya pili ni ya VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na nyinginezo, na watu wakakimbilia VPN. Kodi ile iliondolewa Julai 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. VPN hazikuondoka, kwa sababu Facebook ilikuwa imefungwa nchini tangu Januari mwaka huohuo. Sasa mtu anakuja kibandani na VPN inayosema yuko Uholanzi, anaamini amejificha. Ni kweli kwamba tovuti inayokisia kwa anwani ya intaneti itamwona Uholanzi. Lakini programu aliyoipa ruhusa ya GPS inamwona hapahapa Kisenyi, chini ya bati langu. VPN haigusi satelaiti. Namwambia hivyo kila mteja, na bado kila wiki kuna anayeshangaa.

Kutuma mahali: pini, Plus Codes na what3words

Pini ya WhatsApp ndiyo njia ya kila mtu, nami siipingi. Inatosha kwa kazi nyingi. Kosa liko kwenye haraka. Ukifungua sehemu ya kutuma lokesheni, chini ya neno la mahali ulipo kuna maandishi madogo yanayosema usahihi ni wa mita ngapi. Nenda Kikuubo, simama katikati ya maghorofa na marobota ya nguo, ufungue hapo. Utaona mita 60, au zaidi. Ishara za satelaiti zinagonga kuta kabla ya kukufikia, simu inadhani umbali ni mrefu kuliko ulivyo, na pini inakwenda kukaa juu ya jengo la jirani. Usitume. Toka hadi penye mbingu, inua simu, subiri ukihesabu hadi ishirini. Namba itaanza kushuka: 40, 22, 12, 8. Ikifika chini ya 10 ndipo ubonyeze. Sekunde hizo ishirini zinakuokolea simu tatu za "bosi, nipinde wapi".

Udhaifu wa pini ni kwamba inaishi ndani ya mazungumzo. Huwezi kuiandika kwenye karatasi ya risiti, huwezi kumsomea mtu mwenye simu ya kitochi, na baada ya mwezi imezama chini ya picha za harusi na sauti za mjomba. Hapo ndipo ninapozipenda Plus Codes, misimbo mifupi ya herufi na tarakimu inayotaja mahali, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naona hatujazitumia inavyostahili.

Plus Codes zilitengenezwa na wahandisi wa Google huko Zurich, na hesabu yake iko wazi kwa yeyote kuitumia bila malipo. Dunia imegawanywa miraba, mraba umegawanywa tena, hadi kipande cha karibu mita 14 kwa 14 hapa kwetu kwenye ikweta. Herufi na tarakimu zinazotumika ni 20 tu, na vokali zimeachwa ili msimbo usije ukaunda neno kwa bahati mbaya. Ukibonyeza mahali kwenye Google Maps na kushikilia, msimbo unajitokeza. Kampala yote huanza na 6GGJ, na kwa kuwa ramani inajua hivyo, unaweza kuziacha herufi hizo nne na kuandika zilizobaki pamoja na jina la mji. Jinja ni 6GGM. Busia na Malaba ni 6GGP. Ukishazoea, unamwona mtu kwa herufi: P ni mpakani, M ni kwenye mto Nile, J ni nyumbani.

Siku moja nilikuwa kwenye taksi ya Masaka, tukasimama Kayabwe, pale penye zile duara nyeupe za ikweta ambapo wageni hupigwa picha mguu mmoja kila upande. Wenzangu walishuka kununua maji. Mimi nilishuka na simu, programu ya GPS ikiwa wazi, nikatembea pembeni mwa barabara kuelekea kusini huku nikitazama namba ya latitudo, ile inayopima uko mbali kiasi gani na ikweta. 0.00012. 0.00005. Halafu alama ya kutoa ikatokea mbele ya namba, na msimbo ukageuka kutoka 6GGJ kuwa 6GFJ. Herufi moja. Nilirudi hatua chache, ikarudi G. Nikaenda tena, ikawa F. Kondakta alipiga honi, nami nilikuwa bado natembea huku na huku nikicheka mwenyewe. Kushika ikweta mkononi namna ile ni furaha ambayo sijaweza kumweleza mtu akanielewa vizuri.

Lakini ikweta ina mtego kwa anayetuma namba za latitudo na longitudo zenyewe, na nchi chache duniani zina mtego huu kama sisi. Masaka iko karibu na 0.33 kusini. Ukiandika bila alama ya kutoa, ramani itamvusha mtu ikweta na kumpeleka kaskazini, kati ya Mityana na Mubende. Namba zote sahihi, kistari kimoja hakipo, na mzigo umekwenda wilaya nyingine. Plus Code inakuepusha na hilo, kwa kuwa haina alama ya kutoa.

Kampuni ya what3words ilianza London mwaka 2013, na wazo lake linavutia: kila mraba wa mita 3 kwa 3 duniani umepewa maneno matatu, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Kwa usahihi inaishinda Plus Code ya kawaida, na maneno ni rahisi kukumbuka kuliko herufi. Nilipoijua nilifurahi sana, nikadhani ndiyo jibu la Kampala. Nimebadili mawazo kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo ni mali ya kampuni. Bila programu yao au huduma yao maneno matatu hayakufikishi popote, wakati Plus Code ni hesabu ambayo fundi yeyote anaweza kuipiga. Pili, na hii ni ya kwetu kabisa: wengi wetu hapa tumekulia kwenye Kiganda, na kwenye Kiganda R na L hubadilishana kiti kutegemea vokali iliyotangulia. Kura na kula, mara na mala. Kwenye mazungumzo hakuna anayepotea, maana sentensi inasaidia. Kwenye maneno matatu yasiyohusiana hakuna sentensi ya kusaidia. Ukikosea herufi, unaweza kupelekwa mahali pengine kabisa. Kwa mtu anayeandika na kunakili tu, what3words ni nzuri. Kwa mtu anayesoma kwa sauti kwenye simu yenye kelele za barabarani, hapana.

Upande wa ramani za kutazama bila bando, nimeweka Organic Maps, na OsmAnd kwa wanaopenda kuchokonoa. Zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani ya watu wa kujitolea iliyoanzia Uingereza mwaka 2004. Msiidharau. Huko West Nile, kambi ya Bidi Bidi ya wilaya ya Yumbe iliyofunguliwa 2016 ilichorwa na watu hao, hadi njia za miguu. Kwa mteja wangu Mkongo anayekwenda kumtembelea ndugu kambini, ramani hiyo naipakua Uganda nzima mara moja kwa wifi, na hatumii bando tena.

Kujituma mwenyewe: WhatsApp, Google Maps na Telegram

Hapa nitasimulia ya shemeji yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Shemeji ni dereva wa lori. Anatoka Mombasa, anaingia kwetu Malaba, anapita Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, anakuja kushusha Kampala. Dada yangu alikuwa hapati usingizi safari nzima, na shemeji alikuwa anachoka kupigiwa simu akiwa ameshika usukani. Nikawaomba ruhusa wote wawili, nikamwekea shemeji programu tatu kwa wakati mmoja, safari nne mfululizo, huku mimi na dada tukitazama.

WhatsApp ilileta lokesheni ya moja kwa moja mwaka 2017, na inakupa machaguo matatu tu: dakika 15, saa 1, au saa 8. Muda ukiisha inazimika yenyewe. Imefungwa kwa usimbaji ule unaofunga ujumbe, maana yake anayeona ni uliyemtumia tu. Dada aliipenda kwa kuwa haikumhitaji kujifunza kitu: ilikuwa ndani ya mazungumzo yao ya kila siku. Tatizo lilikuwa Malaba. Foleni ya malori pale mpakani haijui saa 8 ni nini. Muda uliisha shemeji akiwa bado upande wa Kenya, amelala kwenye kabini, na kwenye simu ya dada ikabaki picha ndogo ya mahali alipoanzia. Dada akaamka usiku, akaiona ile picha, akadhani lori halijasogea tangu asubuhi. Ndipo nikamfundisha: lokesheni ikiisha muda, kinachobaki ni mwanzo wa safari, hakikuonyeshi alipo sasa.

Google Maps ina chaguo la kushea hadi utakapozima mwenyewe. Kwa safari ya siku mbili hilo ni kubwa. Mpakani shemeji alibadilisha laini ya data, nukta ikapotea kwa muda, kisha ikarudi yenyewe bila yeye kukumbuka kuianzisha tena. Kuna jambo jingine lililompendeza dada kuliko ramani yenyewe: Google Maps inaonyesha pia chaji ya simu ya mwenzako. Usiku mmoja aliona betri ya shemeji inakaribia kwisha, akampigia mara moja kumwambia achomeke simu. Kabla ya hapo simu ikizimika alikuwa anafikiria ajali. Kujua kwamba simu ilikuwa inakaribia kuzimika kabla haijazimika ni utulivu mkubwa kwa mke wa dereva.

Ina masharti, hata hivyo. Ili muonane vizuri, kila mmoja awe na akaunti ya Google anayoikumbuka nywila yake, na hapa kibandani nakutana na watu wengi ambao akaunti yao ilifunguliwa na muuza simu, nywila akaondoka nayo. Halafu kuna ugonjwa wa simu nyingi za Android za bei nafuu: zinaua programu zilizo nyuma ili kuokoa betri. Nukta inaganda, chini yake imeandikwa kwamba ilisasishwa dakika 40 zilizopita. Ingia kwenye mipangilio, uiruhusu programu kutumia mahali wakati wote, kisha uitoe kwenye orodha ya zinazobanwa na kuokoa betri. Hatua hizi mbili ndizo zinazosahaulika, na ni zilezile kwa WhatsApp na Telegram.

Telegram nayo ilileta ya moja kwa moja mwaka 2017, na mwaka 2020 ikaongeza kitu ambacho wengine wawili hawa hawana ndani ya mazungumzo: kengele ya ukaribu. Kila mmoja akiwa anaonyesha yake, unachagua umbali, na mwenzako akiingia ndani ya umbali huo simu inakupigia kelele. Niliweka kilomita 2 nikaendelea kutengeneza simu za watu. Kengele ilipolia nilifunga kibanda nikaenda kumpokea shemeji kwenye ghala, tukafika pamoja. Kama kazi yako ni kupokea mizigo au wageni, kengele hii peke yake inatosha kukufanya uiweke Telegram. Ila ujue kwamba mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho kama ya WhatsApp. Yanakaa kwenye seva zao. Ile sehemu yake ya kuonyesha watu walio karibu nawe, ambayo matapeli waliipenda, iliondolewa Septemba 2024, na sikuisikitikia.

Za wengine nitapita haraka. Find My ya iPhone inafanya kazi vizuri mno, kama familia nzima ina iPhone. Kwenye familia ninazozihudumia, mwenye iPhone ni mmoja. Snap Map ya vijana ilianza 2017 na ni ya kuchangamsha marafiki, si ya kumsubiri mtu usiku. Ukiwa na mtoto mwenye Snapchat, mweke kwenye hali ya kujificha kwanza, kisha mzungumze. Na ukiwa kwenye Uber, usihangaike na programu nyingine: safari yenyewe ina kitufe cha kuishea, inakwisha ukishuka.

Anayekuangalia ni nani

Nimekuwepo tangu enzi za Google Latitude, iliyoanza 2009 ikafungwa 2013, na za Foursquare, wakati kutangaza "niko hapa" kulikuwa ni mchezo wa kushindana nani amekwenda mahali mara nyingi. Tulitangaza kwa kila mtu bila kuwaza. Leo ninaposti picha ya mahali nikiwa nimeshaondoka, na kabla ya kutuma picha halisi kama faili naangalia kama ina namba za mahali ndani yake. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, namba hizo zinaondolewa. Ukiituma kama dokumenti, zinakwenda nayo.

Lakini hatari ninayoiona mara nyingi haitoki kwa wageni. Mama mmoja kijana aliniletea simu inayokwisha chaji haraka. Betri ilikuwa nzima. Nilipofungua ruhusa za mahali nikakuta inashea lokesheni wakati wote, kwa mtu mmoja, hadi itakapozimwa. Hakuiwasha yeye. Alikaa kimya kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza ni tangu lini. Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwonyesha jinsi ya kuizima, na jinsi ya kujua kama imewashwa tena, akafanya kwa mkono wake mwenyewe mara tatu mbele yangu hadi akaizoea. Tangu siku ile, kila simu inayopita mikononi mwangu, mwenyewe akikubali, tunakagua pamoja nani anaiona. Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha tangu 2019, na nafurahi ipo. Hata hivyo sheria haiingii mfukoni kukagua mipangilio.

Kwa hiyo, kwa mume na mke waliokubaliana kwa uwazi kama dada na shemeji, Google Maps ya muda wote inafaa kwa safari, na wao huizima lori likifika ghalani. Kwa wengine wote, hata mchumba, hata rafiki wa miaka kumi, napendekeza WhatsApp ya saa 1 au 8, kwa sababu inajizima na hakuna anayelazimika kueleza kwa nini ameizima. Kwa boda na wateja, tuma mahali, usijitume: pini iliyosubiriwa hadi chini ya mita 10, au Plus Code. Ya kibanda changu nimeiandika kwa rangi ya mafuta juu ya mlango, na wateja wanaipiga picha. Ukiwa na mzigo wa kupokea, Telegram na kengele yake.

Siku intaneti ikizimwa

Tumeshaziona siku hizo. Februari na Mei 2016 mitandao ya kijamii ilizimwa, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Nukta zote za moja kwa moja ziliganda. GPS haikuganda, wala hesabu ya Plus Code.

Mama mmoja Mnubi wa Bombo, mteja wangu wa siku nyingi, ana watoto wanne waliotawanyika, mmoja Arua, mmoja Mbarara, wawili hapa mjini, na yeye mwenyewe anatumia simu ya kitochi. Alitaka njia ambayo haitamwacha. Tulikaa na binti yake saa nzima. Tukaweka Organic Maps kwenye simu za watoto pamoja na ramani ya Uganda nzima. Tukakubaliana kwamba mtoto akihama nyumba, au akikwama mahali, atasimama penye uwazi, atasubiri usahihi ushuke, na atatuma Plus Code kamili, herufi zote, kwa SMS ya kawaida. Wa Mbarara akijisahau akaandika 6GGJ badala ya 6GFG, mama atajua kuna kosa, maana tulimwandikia mwanzo wa kila mji.

Binti alizinakili kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kalenda ya msikiti, jina la mtoto upande mmoja, msimbo upande mwingine. Mama aliichukua, akaisoma polepole herufi moja moja kwa sauti, akakwama kwenye F, akaomba iandikwe kubwa zaidi.